Mara ya Tatu ya Wilbroad

Kwa miaka thelathini na mbili Wilbroad alinadi kwa koo lake mwenyewe. Wanadi wa siku hizi wana vipaza sauti, wanaongea humo kama watu wanaotangaza mtoto aliyepotea, na mnunuzi anasikia mlio tu. Yeye alipanda juu ya debe, akaweka kiganja nyuma ya sikio, na mnada mzima wa Ipole ukageuka, hata wale waliokuja kununua sabuni. "Mara ya kwanza! Mara ya pili!" Kisha alinyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikokuwa ufundi wake. Mtu aliyekuwa anasitasita alimwona mbuzi anamponyoka, na mkono ukapanda kabla hajamaliza kufikiri. Hapo ndipo ilipotoka ile ya mwisho, ndefu, ya kuvutwa kutoka tumboni: "Mara ya taaatu! Imekwenda!"

Shida ni kwamba koo nalo lina umri. Mwaka juzi lilianza kukwaruza, na mganga wa zahanati akamwambia apunguze kupiga kelele, ushauri ambao ni sawa na kumwambia fundi cherehani apunguze kushona. Wilbroad hakuogopa njaa, kwa kuwa alikuwa na shamba na mkewe Levina alikuwa na biashara yake ya mihogo ya kukaanga. Aliogopa kitu kimoja, na alikisema waziwazi: siku sauti ile ikikatika, hakuna mtu atakayejua kwamba iliwahi kuwepo.

Ndiyo maana Mfaume alipofika alimpokea kama mgeni wa heri. Huyu Mfaume alikuwa kijana wa Dar es Salaam aliyetumwa na watengenezaji wa gemu wa nje kutafuta sauti. Gemu lenyewe ni la kupigana, watu wawili kwenye kioo wanarushiana ngumi hadi mmoja alale, na vijana wa Tabora wanaliita Piga-Lala. Limekuwa likitoka, toleo baada ya toleo, tangu vijana hao hawajazaliwa. Sasa lilikuwa linakuja la nane, na safari hii wangemtia mpiganaji kutoka huku kwetu, pagazi wa misafara ya zamani, mwenye mzigo begani na fimbo mkononi. Mfaume alikuwa amemsikia Wilbroad mnadani na akaona amempata mtu.

Walimrekodi katika chumba cha nyumba ya wageni, magodoro yameegemezwa madirishani. Mfaume alitaka ukelele wa vita. Wilbroad akamwambia kwamba babu wa babu yake alibeba pembe kutoka Unyanyembe hadi pwani, na katika ukoo wao haikusimuliwa kwamba pagazi alipiga kelele za vita. Aliyebeba mzigo alifika kijiji cha watu akasalimia, maana alihitaji maji. Kwa hiyo Pagazi akianza kupigana na aseme "Mwangaluka." Humpigi mtu hujamwamkia. Mfaume alicheka, lakini akarekodi. Halafu, ili kusafisha koo, Wilbroad akapiga mnada kidogo, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, imekwenda, akimfikiria beberu mmoja wa pembe iliyovunjika aliyemsumbua wiki ile. Mfaume akamwomba arudie. Alijua fika kile ni nini, Mswahili yule. Kwenye karatasi aliyowapelekea wenye gemu aliandika kwamba ni kiapo cha kale cha wapagazi.

Wakati wa kuagana Wilbroad aliuliza jambo moja tu, kama sauti hiyo itakaa.

"Itakaa milele, mzee," Mfaume akamjibu. "Hata siku ukiwa hupo, Pagazi atakuwa anaongea."

Gemu lilipotoka, Renatus ndiye aliyelileta mtaani kwetu Ng'ambo, hapa Tabora. Renatus ana kibanda cha gemu karibu na mafundi wa majiko, mashine nne na benchi mbili, na alibandika mlangoni karatasi iliyosema: HAPA NDIPO NYUMBANI KWA PAGAZI. Wilbroad alipewa kiti. Kila Pagazi aliposhinda raundi, kibanda kizima kiliitikia naye, "Mara ya kwanza!", na aliposhinda ya tatu, "Imekwenda!" ilisikika hadi kwa mafundi. Watu wazima walimpa mkono njiani. Vijana walimwamkia shikamoo kwa heshima ambayo hawakuwa nayo mwezi uliotangulia.

Nao wachambuzi, wale watu ambao kazi yao ni kucheza gemu kabla ya wengine na kulipatia maksi, walisifia. Renatus alimsomea kutoka kwenye simu, akitafsiri kwa kubahatisha. Mmoja aliandika kwamba Piga-Lala ilikuwa imezeeka, ngumi zile zile miaka ishirini na tano, lakini Pagazi ameitia roho. Akatoa tisa kwa kumi. Mwingine alisema sauti ile ilimsimamisha nywele, kwamba ndani yake alisikia karne nzima ya misafara na machozi. Wilbroad alimkumbuka yule beberu, akainamisha uso asionekane anacheka.

Nyumbani Levina hakufurahi kama yeye. "Baba Tunu, hao watu wanajua unanadi mbuzi?"

"Wamesikia, mama Tunu. Wamependa."

"Sijakuuliza kama wamependa."

Ilichukua wiki tatu. Kijana mmoja wa huko Dar, mwenye kipindi chake mtandaoni, aliweka video mbili pamoja, upande huu Pagazi anamaliza kazi, upande ule mnadi yeyote tu anauza kitanda. Akacheka hadi akashika tumbo. Kiapo cha kale, akasema, ni cha kuuza vitanda. Kicheko hicho kikavuka bahari, na wachambuzi waliosimamishwa nywele wakajikuta wamevuliwa nguo hadharani. Mtu aliyeaibika kwa ujinga wake hutafuta wa kumrushia, nao hawakukawia. Waliandika kwamba wamedanganywa, kwamba ni dhihaka kwa Waafrika. Yule wa tisa alishusha hadi tano. Mwingine akaandika, kwa uchungu mkubwa wa kuwatetea Wanyamwezi ambao hajawahi kuwaona, kwamba ingefaa atafutwe Mnyamwezi wa kweli.

Wilbroad, Mnyamwezi wa kuzaliwa Lusu, kwa baba na kwa mama, alisomewa maneno hayo akiwa kwenye kile kiti chake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza yule mzee ni nani.

"Waandikie," akamwambia Renatus. "Waambie niko hapa. Waje waniulize mimi."

Renatus aligeuzageuza simu mkononi. Kijana huyu ndiye aliyekuwa anaruka juu ya benchi kila Pagazi alipopiga mara ya tatu. "Mzee wangu, usinielewe vibaya," akasema. "Lakini nao wana hoja. Tukiwa wakweli, pagazi gani anaanza ngumi na mwangaluka?"

Wilbroad aliweza kuvumilia ya wageni. Hii ya Renatus ilimkata maini, kwa sababu Renatus alilelewa na bibi yake na kila asubuhi ya utoto wake alimwamkia kwa neno hilo hilo. Wiki hiyo karatasi ya mlangoni ilitoka. Wateja wakaanza kumteua Pagazi kwa kejeli tu, wampigishe magoti, wapokee "mara ya kwanza" kwa kicheko. Walichokipenda kwa masikio yao wenyewe walikikana kwa sababu watu wa mbali walikuwa wamebadilisha maksi.

Kisha wenye gemu wakaomba radhi, wakatangaza kwamba Pagazi atapewa sauti mpya. Mashine ikiunganishwa mtandaoni, sauti ya zamani inafutika yenyewe, mpya inakaa. Wilbroad alielewa mara moja. Alikwenda kwa Renatus akamwomba, na ilimgharimu, mtu wa umri wake kumwomba kijana, kwamba katika mashine nne, moja tu asiiunganishe. Ile ya pembeni, iliyopasuka kioo. Mfaume alikwishaacha kupokea simu zake. Hapakuwa na nakala nyingine anayoijua. Renatus akaapa kwa jina la bibi yake.

Jumapili iliyofuata, Wilbroad alipitia kibandani baada ya misa. Renatus alimwamkia bila kumtazama. Wilbroad akakaa mbele ya ile yenye kioo kilichopasuka, akashika pedi kwa vidole vyake visivyoizoea, akamteua Pagazi. Pagazi akainua kichwa. Hakusema mwangaluka. Alinguruma, mngurumo wa kitu kilichofungwa kamba, na aliposhinda alipayuka maneno ambayo si Kinyamwezi wala Kiswahili wala lugha ya mtu yeyote aliyezaliwa na mama.

"Wateja walikuwa wanaikataa mashine hii, mzee," Renatus akasema nyuma yake. "Wanataka mpya."

Wilbroad aliweka pedi chini taratibu. Akauliza wachambuzi wamesemaje. Renatus akakiri kwamba yule wa tano amerudisha hadi tisa, na kwamba ameandika hatimaye wapagazi wametendewa haki.

Mnada uliofuata wa Ipole ulijaa, wakulima walikuwa wameuza tumbaku. Levina aliinjika karai lake mahali pake pa siku zote. Wilbroad akapanda juu ya debe na mbuzi wa kwanza, jike zuri la madoa, akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Mara ya kwanza!" Sauti ilitoka na mikwaruzo yake, lakini ilitoka. Mikono ikawa mizito. Vijana waliosimama mbele walikuwa wanatazamana.

"Babu," mmoja akasema, tena kwa adabu, "piga ile ya Pagazi."

"Ndiyo hii."

"Siyo hiyo. Ile yenyewe."

Wengine wakaitikia kwamba ndiyo, ile yenyewe. Mwenye mbuzi, mama mmoja aliyekuja naye kwa mguu tangu alfajiri, alimtazama kwa macho ya kumsihi. Wilbroad alitafuta uso wa Levina, akauona, akaondoa macho. Kisha akafungua kinywa akanguruma. Alipayuka maneno yale yasiyo ya mtu, kama alivyoyasikia Jumapili, na watu wakapiga makofi, na mikono ikapanda mingi kwa pamoja. Mbuzi akaondoka kabla ya mara ya pili. Mara ya tatu haikufikiwa, wala hakuna aliyeiulizia.

Levina alikuwa amegeukia karai lake, anapindua mihogo iliyokwishaiva. Wilbroad aliposhuka kwenye debe, yule mama alimshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru sana, akamwambia kwamba siku hizi kweli amejua kunadi.