Binti Aliyepika kwa Masikio

Nilimzaba binti yangu kofi kwa sababu ya ndizi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, ameketi mlangoni mwa jiko letu pale Ijumbi, ameupa moto mgongo, na sufuria ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, inaungua hadi majirani wanasikia harufu. "Mvivu wewe!" nilimfokea. Tangu augue korona, miezi minne nyuma, ndoo moja ya maji ilitosha kumlaza, nami nilishaamua kwamba ni uvivu.

Uchovu ulipozidi nikampeleka kwa daktari mjini Bukoba, naye alimfumba macho, akamsogezea kahawa puani. Mtoto aliyezaliwa katikati ya mibuni akasema hasikii kitu. Daktari akanieleza kwamba korona huweza kuacha mabaki hata kwa watoto: uchovu, pua isiyonusa. Niliuonea aibu mkono wangu.

Sikumwambia apike tena. Alianza mwenyewe, akikaa kwenye kigoda ili asichoke, kichwa amekiinamisha kama anayesali. Jumapili moja nilikuwa nachambua maharage kando yake.

"Mama, maji yanaisha."

Nilinusa. Harufu ilikuwa nzuri tu, ya ndizi zinazoiva. Nikafunua majani ya mgomba kumwonyesha kosa lake. Chini palibaki maji ya kijiko kimoja.

"Umejuaje?"

"Yakiwa mengi yanaongea kwa pamoja. Yakikaribia kuisha, yanaongea moja moja."

Nimepika ndizi miaka thelathini. Nilipiga magoti, nikainamisha sikio juu ya sufuria. Sikusikia kitu.