Mtoto Aliyesubiri Jina kwa Meli

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 nilikuwa nikimhudumia mzee mmoja Mgoa nyumbani kwake Parkdale, Toronto. Zamani alikuwa karani wa posta Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa bado kizima. Macho ndiyo yaliyomwishia. Kabati lake lilijaa barua kuukuu alizozinunua maisha yake yote kwa ajili ya mihuri ya posta. Yaliyoandikwa ndani hakuyajali.

Alasiri moja ya theluji akanipa mojawapo. "Nisomee mihuri, binti."

Haikuwa na bahasha wala stempu. Karatasi yenyewe ilikunjwa ikafungwa kwa lakiri. Nikamsomea: Liverpool, kisha New York, kisha mji wetu huu huu. Tukahesabu kwa tarehe za mihuri. Siku arobaini na tisa.

"Ililetwa na meli ya matanga," akasema. "Meli za barua zilikuwa na siku yao. Zimejaa, hazijajaa, bahari imechafuka, zinaondoka."

"Na ndani imeandikwa nini, Mzee?"

"Sijui. Mwandiko wake ni kama wavu."

Kweli. Mwandishi alijaza ukurasa, akaugeuza ubavu, akaandika tena juu ya mistari ile ile, maana karatasi ya pili ingelipiwa ada nyingine ya posta. Nikaipeleka dirishani nikasoma neno moja moja, Kiingereza changu kikijikwaa. Mwanamke alikuwa akimwandikia kaka yake. Amejifungua mtoto wa kiume. Baba yao amefariki, kwa hiyo kaka ndiye mkubwa, na jina atalitoa yeye. Hawatambatiza mtoto mpaka jibu lifike.

Nikaishusha karatasi. Kwetu Tanga, siku ya saba mtoto ana jina.

"Siku arobaini na tisa kuja," mzee akasema polepole. "Na kurudi je?"

"Labda mwezi na zaidi. Kama meli haikuzama."

"Mama yangu! Mtoto ameshaanza kucheka, bado wanamwita mtoto tu."

Karatasi ile ilikuwa nyepesi kama ganda la kitunguu, nayo ilivuka bahari nzima kwa upepo, ikiomba jina. Jibu lilikuwa nini, au kama kaka alikuwa hai kuliandika, hatukujua kamwe.

Mzee aliniomba niisome tena tangu mwanzo. Kisha akapapasa kabatini, akatoa nyingine. Nyingi zilikuwa habari za unga na mbao tu, lakini tuliendelea kuzisoma hadi theluji ilipoyeyuka.