Wiki Niliyotengwa

Jirani yangu alitengwa na kijiji kwa kukosa mazishi mawili mfululizo. Alikuwa Lamadi akifuata dagaa wa kuuza, na huku kwetu hiyo si sababu. Mkutano ukaamua: hakuna kumsalimu, kumpa moto wala kuteka naye maji, na atakayevunja atatengwa naye. Nilikuwepo. Nilinyoosha mkono kama wenzangu.

Mimi ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Kikristo. Kila Jumamosi tunakutana kwa zamu, nyumba hadi nyumba, tunasoma Injili, kisha tunaulizana wiki hii tutatenda nini. Kwa kusoma, usinishindanishe na mtu. Nikifika kwa Msamaria mwema hata machozi nayatoa.

Jumatano sikuona moshi jikoni kwa jirani. Nikajiambia kasafiri. Alhamisi asubuhi nikamsikia akikohoa, na bado nikaenda zangu kupalilia pamba mpaka jua likawa utosini, nimekasirika, sijui namkasirikia nani. Niliogopa, basi. Aliyetengwa akifiwa, hakuna anayekuja kumchimbia kaburi, na mimi nina mama mkwe ndani, mgonjwa wa siku nyingi, hata kukaa hawezi.

Jioni nikachukua ndoo ya maji na unga, nikapita katikati ya njia, aonaye aone.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu Kisukuma mlangoni.

Alikuwa amelala chini, homa imemshika, midomo imekauka.

"Rudi, mwenzangu. Watakutenga."

"Nyamaza nikoroge uji," nikamwambia.

Kesho yake kisimani wanawake waliniona nikija, wakajitwika ndoo zao, nyingine hata hazijajaa, wakaondoka. Mmoja wao ndiye mweka hazina wa jumuiya. Mume wangu, aliyekuwa mjini Mwanhuzi kwenye mnada wa ng'ombe, habari zikamfikia kabla sijamaliza kufua. Akapiga simu.

"Na mama yangu akifa, nani atamzika?"

Iliniuma, sitaki kudanganya, na kuna saa nilijuta.

Jumamosi zamu ilikuwa kwangu. Nikafagia, nikatandika mikeka yote minne, nikafungua Biblia. Saa kumi ikapita. Jamani, hata mtoto hakutumwa kuniambia hawaji! Ningeweza kukunja mikeka, lakini nina ukaidi, nikaendelea kukaa.

Ndipo jirani akaja, anajikongoja, kajifunga khanga mbili kwa baridi ya homa. Hajabatizwa, wala hajawahi kukanyaga kanisani. Akachagua mkeka, akakaa.

"Huwa mnafanyaje?"

"Tunasoma, halafu tunaulizana tutatenda nini."

"Na mnatenda?"

Nilitaka kumjibu kama mwenyekiti. Nikashindwa.

"Mara chache."

Akageuka, akautazama mlango wa chumba alimolala mama mkwe.

"Haya, soma," akasema. "Siku yake ikifika, tutachimba wawili."