Magoti ya Somo Wangu

Nilipoolewa nilitolewa Marui, Kisarawe, na kupelekwa Mkuza, upande wa Kibaha, nikiwa nimepakatwa. Ndivyo ilivyokuwa kwetu wakati ule wa Mwingereza. Siku ya kutoka kwao mwali hakanyagi chini, wala hakai mahali peke yake. Zamani somo, yaani mwanamke aliyemfunda, alimbeba mgongoni hadi mlangoni kwa mume. Malori yalipoanza kufika vijijini kwetu, watu hawakuiacha desturi hiyo, waliipandisha kwenye lori. Somo alikaa mbele, kando ya dereva, na mwali akakaa mapajani mwake.

Mengine ninayoyaandika hapa sikuyaona kwa macho, maana nilikuwa nimefunikwa kanga gubigubi. Nimeyapata kwa kuwauliza waliokuwapo, mmoja mmoja, mpaka wakanichoka.

Lori lilikuwa la mfanyabiashara wa korosho, na dereva wake alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama. Kwa ajili ya harusi yangu alipigilia rafu ya mninga chini ya dashibodi, lile bati gumu lililo mbele ya abiria, ili somo apate pa kuweka tambuu, marashi na chetezo. Aliipiga randa mpaka ukingo wake ukanyooka kabisa. Majirani walikuja kuitazama, wakaipapasa, wakamsifu. Hakuna aliyetazama ilipofikia. Ilielekeana sawasawa na magoti ya mtu aliyekaa.

Vyombo vyangu, sahani na vikombe vya kaure, mjomba alivipakia nyuma kwa mikono yake. Alivipanga ndani ya matenga, kila kimoja akakizungushia sufi na majani makavu.

"Mjomba, unavilaza kama watoto wachanga," nilimtania kabla sijafunikwa.

"Kikombe kimoja kikivunjika, mkweo atasema kwenu hawajui kufunga mzigo. Nenda kafunikwe huko."

Somo wangu alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, mwenye shamba la mihogo nyuma ya nyumba yetu. Alikuwa amewafunda wasichana wengi wa Marui, na wengine waliletwa kwake kutoka Chole. Kazi yake yote ilifanyika chini, kwenye mkeka. Alikaa amekunja miguu tangu asubuhi, akapiga magoti kuonyesha jambo, akainuka kucheza, akarudi chini tena kabla ngoma haijanyamaza. Wanawake wa rika lake walimwonea wivu kwa magoti yale.

Kiti cha mbele cha lori kilikuwa kirefu, cha kutosha watu watatu. Kati ya mjomba na somo palikuwa na nafasi ya mtu mzima. Tuliweka sanduku la nguo zangu.

Tuliondoka mchana, wanawake wamejaa nyuma na ngoma zao. Mimi nilikaa kiupande juu ya mapaja ya somo, kichwa begani kwake. Barabara ilikuwa ya mchanga, yenye mashimo, na kila shimo nililisikia likipita mwilini mwangu na kuingia mwilini mwake.

"Somo, hujafa ganzi?" nilinong'ona ndani ya kanga.

"Mwali haongei."

"Mimi ni mzito."

"Uzito wako naujua tangu hujaota meno. Nyamaza."

Mjomba akacheka. "Dada, ukichoka tumweke juu ya sanduku."

"Wewe tazama njia, kaka. Mambo ya mwali huyajui."

Tulipokaribia Kiluvya, mtu mwenye baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa alichomoza kutoka kichakani. Mjomba alikata usukani kumkwepa. Lori likaacha barabara, likapita kwenye majani, likasimama kwenye shina la mkorosho. Hatukuwa tunakwenda mbio. Wote niliowauliza walisema hivyo, hata mwenye baiskeli. Mkorosho ulibanduka gome tu. Nyuma wanawake waliangukiana, wakapiga mayowe, kisha wengine wakaanza kucheka kwa kuona kwamba wako hai.

Mimi sikupata hata mkwaruzo. Mtu aliyekaa peke yake angetanguliza mikono yake mbele. Mikono ya somo ilikuwa imenizunguka mimi, vidole vimefungana tumboni kwangu, na hakuvifungua. Tulikwenda mbele sote wawili kwa pamoja, uzito wake na uzito wangu, na kilichotusimamisha ni magoti yake kwenye ukingo wa ile rafu. Nilisikia mlio. Kwa muda nilidhani ni mbao.

"Mwali ameumia?" somo aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Hajaumia, dada," mjomba akajibu.

"Basi mshusheni. Asikanyage chini."

Waliponishusha ndipo alipopiga ukelele.

Lori lililokuwa likielekea Dar es Salaam lilimchukua, akalazwa juu ya magunia ya nazi kavu ili apelekwe hospitali. Lori letu lilikuwa bado linawaka. Wanawake wazima walishauriana kando ya barabara. Kumrudisha mwali nyumbani ni nuksi, walisema, na kule Mkuza watu wanangoja. Basi mama mmoja mnene akapanda mahali pale pale pa somo, mbele ya rafu ile ile, nami nikapakatwa tena. Mjomba alipanda, akashika usukani, tukaendelea. Katika watu wote wale, na mimi nikiwamo, hakuna aliyesema sanduku liondolewe.

Mkuza tulipokewa vizuri. Mama mkwe alifungua matenga mbele ya wageni, akatoa sufi na majani, akainua sahani moja moja kwenye mwanga. Hakuna iliyovunjika, hata kikombe hakikupata ufa. Vigelegele vikapigwa. Niliwasikia wakisifu ufungaji wa watu wa Kisarawe. Nikala pilau ya harusi yangu, na ilikuwa tamu, na nikaongezwa.

Fungate ilipokwisha, mume wangu alinipeleka hospitali kumwona. Yeye alibaki getini, nami nikaingia wodini na bakuli la uji.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nani?"

"Na mume wangu. Yuko getini."

"Umemwacha getini? Nilikufunda hivyo? Ungemwingiza aniamkie, na wenzangu hapa waone nilikokupeleka."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta kuanzia pajani hadi kwenye kifundo. Mguu wa kushoto ulivimba tu, walimwambia utapona. Wa kulia, kifuniko cha goti kilikuwa kimepasuka vipande vipande, na daktari hakutaka kuahidi kwamba ungekunjika tena.

Nilitaka kusema jambo nililokuwa nimelipanga njia nzima. Likatoka vibaya. "Somo, ni uzito wangu."

Alinitazama. "Ulitaka nikuachie uende kwenye kioo?" Kisha akachukua bakuli, akakoroga uji na kuuliza kama nimeutia sukari.

Mjomba hakuingia wodini. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa akipeleka machungwa kila alipoteremsha mzigo mjini, akimpa yeyote aliyeingia, kisha akiondoka. Kwa mtu wa maneno mengi kama yeye, hilo lilitushangaza sana.

Nilipokwenda Marui kusalimia, nilimkuta chini ya dashibodi, amelala chali na nyundo. Rafu ilikuwa imekwisha kung'olewa. Alikuwa ameshona mfuko mrefu wa marekani, kitambaa cha magodoro, akaujaza sufi, na sasa alikuwa akiufunga kwa kamba mbele ya magoti ya abiria, kutoka mlangoni hadi kwenye gia.

"Sahani tulizifunga," aliniambia bila kutoka kule chini. "Mtu tukamweka kwenye mbao."

Alipomaliza alikaa kwenye kiti cha abiria, akajirusha mbele kwa nguvu. Akakunja uso na kusugua goti. Sufi ilikuwa imemdanganya. Ukiibonyeza kwa kidole ni laini, lakini ukiipiga kwa goti inakimbia pembeni, na goti linakuta bati. Akaufungua mfuko. Akaweka kwanza makumbi ya nazi yaliyopondwa na kusukwa, yaliyobana, ndipo akatandika sufi juu yake. Akajirusha tena. Safari hii akasema, "Inauma, lakini haikati." Kisha akakisogeza kiti nyuma kwa upana wa kiganja, akajirusha tena, na tena. Niliona magoti yake yamejaa michubuko, mingine mipya na mingine ya siku nyingi. Nilianza kufikiri kwamba hakuwa anapima mfuko tu.

Utingo wake, kijana mwenye mdomo, alizunguka akachungulia. "Mzee, gari lina mimba?"

"Lina. Utazaa wewe. Nipe kamba."

Kila dereva aliyemwona barabarani alimcheka kwa lile godoro. Hakuliondoa.

Somo alirudi nyumbani mguu umenyooka. Ulisimama vizuri, ulitembea kwa fimbo, lakini haukukunjika. Akiswali alikaa kwenye kigoda, mguu mbele. Akawekewa kiti kwenye chumba cha kufundia, wasichana wakawa wamekaa mkekani naye yuko juu, na akina mama waliolikuta jambo hilo walitoka wakisema polepole kwamba amekuwa kama mwalimu wa shule. Hawakusema kwa ubaya. Lakini msichana wa kwanza akapelekwa kwa somo mwingine, kisha wa pili. Alibaki na mmoja, binti wa jirani, aliyekuwa ameanza kumfunda kabla ya harusi yangu. Kila mtu alijua kwamba akishamtoa huyo hatapata mwingine. Yeye ndiye aliyelijua zaidi, na alimfunda kama mtu anayefunga duka kwa utaratibu.

Binti huyo naye alikuwa akiolewa upande wa Kibaha, na lori lilikuwa lile lile. Nilikuja kwa ajili ya shughuli. Asubuhi ya kuondoka palizuka ubishi mlangoni kwa bibi yake mwali, kizee mkali mwenye sauti ya Kizaramo ambayo hakuipunguza kwa ajili ya mtu yeyote.

"Nani atampakata?" bibi aliuliza.

"Hapakatwi," somo akasema. "Atakaa kwenye kiti, mwenyewe. Miguu yake mbele ya godoro. Na mtu mwingine pembeni, naye mwenyewe."

"Mwali akae kwenye kiti kama karani?"

"Kama karani."

"Na desturi?"

"Desturi inasema mwali wangu afike. Mimi ndiye niliyemfunda, na mimi ndiye ninayesema anakaaje."

Bibi alinigeukia mimi, maana nilikuwa nimesimama karibu. "Na huyu? Huyu hakufika? Si alipakatwa akafika mzima, na sahani zake?"

Nilitazama chini. Somo hakunitazama wala hakunitetea, akasema tu, "Sanduku liende nyuma." Utingo akalibeba.

Mwali akapandishwa, akafunikwa, akakaa. Nafasi ya kando yake ilikuwa ya somo. Aliiweka fimbo kando, akashika mlango, akajaribu. Mjomba alikwisha kukisogeza kiti nyuma mpaka kikagota, lakini mguu usiokunjika ulitoka nje ya mlango, mrefu, na kila walivyougeuza kuuingiza, godoro liliuzuia. Mjomba alishuka na kisu. Alitaka kukata zile kamba.

"Liache," somo akamwambia.

"Dada, nalitoa kwa safari hii tu."

"Nimesema liache. Nani yuko mbele yake, mimi au mwali?"

Watu wanne wakamwinua, wakamweka nyuma pamoja na matenga na wanawake wa ngoma. Akakaa juu ya magunia, mguu ameunyoosha kwenye mbao. Mahali pa heshima pakachukuliwa na shangazi yake mwali. Mimi nilipanda nyuma, nikakaa karibu na mguu ule. Nilitaka kuuweka mapajani mwangu. Sikujua kama ningeruhusiwa, kwa hiyo nilikunja kanga yangu nikaiweka chini ya kisigino chake, naye akaniacha.

Mjomba alizunguka nyuma, akashika ukingo wa bodi. "Dada, niende taratibu?"

"Endesha unavyoendesha siku zote. Huku nyuma goti halina pa kugonga."

Wanawake walicheka, na somo akacheka. Mjomba hakucheka. Alirudi kwenye usukani, akaliondoa lori polepole kiasi kwamba watoto walitusindikiza kwa kutembea, na baiskeli zikatupita hadi Mlandizi, kwa mume wa mwali, ambako tuliwakuta wenyeji wamekwisha kula, wakatupakulia pilau iliyopoa.