Rangi ya Waridi

Kuna waridi moja ambalo harufu yake hunikata maini mpaka leo. Simaanishi yale mekundu yenye vikonyo virefu yanayouzwa barabarani Ruiru. Hayo nusa uone, ni kama unanusa karatasi. Nasema lile dogo la ua wa miiba, linalonukia sabuni na mvua. Nikikutana nalo mahali, miguu inakataa kwenda.

Mama alikuwa mkata maua kwenye shamba moja nje ya Thika. Kutwa yuko ndani ya nyumba ya plastiki, jioni anarudi kwetu Witeithie mikono imechanwachanwa, anacheka: "Wazungu wanapendana kwa damu yangu." Mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hivyo hakuniita Wambui kama watu wengine. Aliniita maitũ, yaani mama yangu, hata siku za kunichapa.

Jioni moja alileta mche uliong'olewa ukatupwa. Tukaupanda kando ya bomba la maji. Ulikuwa wa waridi jekundu, na aliniambia nyekundu ndiyo mapenzi. Kabla haujashika vizuri, mama akaanza kukonda na kukosa nguvu, mpaka ikabidi apelekwe hospitali Thika. Akiingizwa kwenye gari alinigeukia. "Maitũ, umwagilie hiyo maua. Ikichanua, nitakuwa nimerudi."

Jamani, mtoto haambiwi neno kama hilo. Niliumwagilia mche ule kana kwamba namnywesha yeye mwenyewe. Lakini kiangazi kilikuwa kikali, matawi yakakauka moja baada ya jingine yakawa meusi. Tata, dada yake mama aliyekuja kukaa nasi, akaniambia, "Wachana na hiyo kitu, si unaona imekufa?" Nilimrukia kwa makofi, kisha nikalia hadi nikatapika.

Halafu, chini kabisa karibu na udongo, likatoka chipukizi. Ngai! Nilipiga nduru majirani wakadhani nyoka. Nikalizungushia beseni lililotoboka, kuku wasilidonoe, nikawa naamka nalo na kushinda nalo. Lilipochanua, lilikuwa ua dogo la pinki, kama la porini. Moyo ukanikatika. Nyekundu ndiyo iliyokuwa ahadi yetu. Hii pinki niliiona kama mgeni aliyekuja kukalia kiti cha mama.

Wiki hiyohiyo mwalimu akatufundisha majina ya rangi. Akasema pinki kwa Kiswahili ni rangi ya waridi. Nikasimama nikabisha, waridi ni jekundu, mama yangu ndiye hulikata! Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alisema neno hilo lilifika pwani zamani na wafanyabiashara wa marashi kutoka ng'ambo, na waridi la watu wale lilikuwa la pinki, lenye harufu. Haya mekundu ya wapenzi yamekuja kwetu juzi tu. Nilimsikia, lakini historia ingenisaidia nini? Mama yangu alikuwa harudi.

Tata aliponipeleka kumwona, nililibeba ua lile ndani ya kikombe. Mama alikuwa amepungua hata blanketi halikuinuka.

"Mama, imekataa kuwa nyekundu," nikamwambia, nikaanza kulia.

Akalishika, akalinusa kwa muda mrefu. "Haijakataa, maitũ. Ile nyekundu, kule shambani sisi hubandikanga tu juu ya shina la hii. Mzizi ni wa hii. Ile ya juu ikikufa, mzizi unatoa yake."

"Kwa hivyo utarudi?"

"Wewe umwagilie tu," akasema. "Usiwache kumwagilia."

Hakurudi. Tulimzika kabla ua la pili halijafunguka.

Siku hizi ninakaa Mugutha, na mche ule nilihama nao. Msichana wangu ana jina la mama. Juzi alianguka pale karibu na waridi, akalia, na nilipomwinua nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nyamaza, maitũ." Nikabaki nimemshika, nashindwa kumweka chini. Miaka yote hiyo nilidhani siku ile hospitalini mama alikuwa akinieleza habari za maua. Kumbe alikuwa akiniaga. Nami nilikuwa nimemjibu, "Sawa, mama," nikafuta machozi, nikatoka nje ya wodi nikirukaruka kwa furaha.