Mkono Uliofichwa Msibani

Mtu wa kwanza kusema dada yangu Birago ni mlevi alikuwa Pokuaa, muuza samaki, na mpaka leo sinunui samaki kwake. Birago hajawahi kuonja gongo. Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka miaka minne iliyopita, kwanza kidole gumba, kisha kiganja kizima, na mji wetu huu wenye midomo ukaamua ni pombe. Wengine wakasema amelogwa. Mchungaji mmoja akamfungisha siku tatu bila kula. Daktari wa mjini Kumasi alisema ni Pakinsoni, ugonjwa wa ubongo, akampa vidonge vya kumeza mara tatu kwa siku. Nani alimsikiliza daktari?

Nataka mjue alikuwa nani. Birago alikuwa akitoka shambani na mzigo wa magimbi kichwani, maili nne, na kabla hajavuta pumzi ameshashika mchi anatwanga fufu, ugali wetu wa kutwanga kinuni. Na kwenye adowa, ngoma yetu ya misibani, yeye ndiye aliyeongoza wanawake kwa miaka ishirini. Adowa huchezwa kwa mikono kuliko miguu. Kila ishara ina neno lake, na wazee huisoma. Birago akiweka mikono kichwani, wanaume wazima walilia. Mimi nilikuwa nyuma yake nikimwiga, na nilimwonea wivu, acha niseme.

Sasa kuvaa tu kunamchukua nusu saa. Uso umekaza, hautabasamu hata akifurahi, na watu wanasema anaringa. Miguu inagoma mlangoni, akiisukuma haisogei. Anatukana sana siku hizi. Anautukana mkono, anavitukana vidonge, ananitukana mimi nikimfunga vazi. "Toka! Mimi si mtoto wako!" Natoka, namsikia huko ndani akivunja kikombe, nami nakaa uani nalia kwa hasira.

Mwezi uliopita mama yetu alifariki. Kabla hajakata roho alisema jambo moja tu mbele yetu sote: Birago ndiye amfungulie ngoma. Siku ya msiba nilimvalisha vazi jekundu na jeusi, nikamwambia, "Dada, ufiche huo mkono ndani ya nguo. Watu wasipate la kusema." Ndivyo nilivyomwambia, mimi na akili zangu.

Tulichelewa, watu wote walikuwa wamekwisha kaa. Kwetu anayeingia msibani huwapa mkono waliokaa, mmoja mmoja, kuanzia kulia. Wa kwanza alikuwa Mjomba Ntim, mkuu wa ukoo. Birago akafika mbele yake, wa kulia umefichwa, akanyoosha wa kushoto. Nyumbani alikuwa anautumia huo kwa kila kitu, ukatoka wenyewe. Na kwetu hata njia ya kijijini kwa baba yako huielekezi kwa mkono wa kushoto.

Mjomba Ntim akavuta mkono wake nyuma.

"Unanisalimia na mkono wa chooni? Kwenye msiba wa dada yangu?"

"Mjomba, ni ugonjwa," nikadakia.

"Ugonjwa wa chupa! Huyu haingii ngomani. Mpelekeni jikoni akakae na wapishi. Dufie, wewe utaongoza," akaniambia mimi.

Nitasema ukweli hata kama unaniuma. Kwa muda mfupi sana, nilifurahi. Miaka ishirini nyuma ya mgongo wa mtu ni mingi.

Birago hakwenda jikoni. Sauti yake siku hizi ni ndogo, ikabidi watu wanyamaze ili wamsikie.

"Dufie ndiye aliyeniambia niufiche," alisema. "Na mimi mjinga nikakubali. Kwani mkono wangu umeiba nini?"

Akauchomoa. Vidonge vya asubuhi vilikuwa vimekwisha nguvu, na mkono ulikuwa unarukaruka, bangili zikigongana.

"Mjomba, ulitaka wa kulia. Huu hapa. Shika."

Mzee akautazama tu.

"Shika! Au unaogopa utalewa?"

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Mzee akashika, kwa haya zaidi ya mapenzi, na mkono wake ukaanza kutikisika pamoja na wa Birago. Akaongeza wa pili autulize. Haukutulia.

"Unasikia harufu ya pombe?"

"Hapana," mzee akasema chini chini.

"Sema kwa sauti, na wao wasikie, mjomba."

"Hapana! Hakuna pombe hapa." Kisha, bila kumtazama mtu, akawapungia wapiga ngoma waanze.

Lakini Birago hakuingia uwanjani. Ngoma zikilia, alipita mstari mzima, mtu kwa mtu, mguu ukigoma akiulaani, akampa kila mmoja mkono ule ule. Pokuaa naye alipewa, na akaupokea macho chini. Mimi nilikuwa nimejibanza mwisho kabisa wa mstari.

Nikanyoosha mkono wangu. Wake ulikuwa wa moto, mkavu, na una nguvu kuliko nilivyodhani. Hapo ndipo nilipojua. Kwa miaka minne nilimfunga mavazi, nilimpikia, nilimpigania sokoni kwa matusi mazito, na mkono ule sikuwahi kuushika hata siku moja.

"Hata wewe," Birago akaniambia. "Wewe uliogopa nini?"

Akaniachia, akaingia uwanjani, akamchezea mama yetu. Alicheza vibaya, sitamdanganya mtu. Ishara zilikatika katikati, miguu iliachwa na ngoma. Nilimfuata nyuma nimejaa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mimi.