Grisi Kwenye Pampu ya Samaki

Anastazi alitengeneza malori hapa Lusahunga kwa miaka ishirini na minane, na mimi jirani yake sijawahi kumwona na kucha safi. Mgongo ulipomharibikia hakuweza tena kuingia chini ya lori, wakawa wanaishi kwa samaki wa mkewe, Eufrazia. Nasema wa mkewe kwa makusudi. Ni Eufrazia aliyejenga tangi la saruji nyuma ya nyumba, akaenda mafunzo ya siku tano, akakuza sato wazazi kumi na sita ambao vifaranga vyao vilifika kwenye mabwawa ya watu wa Nemba mpaka Nyakisasa. Anastazi alikuwa mbeba ndoo tu, na hakulionea haya hilo.

Mwaka jana Eufrazia alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, maneno yakawa yanatoka moja moja kwa shida. Kila asubuhi kabla ya uji alimuuliza mumewe kama samaki ni wazima, na akijibiwa ni wazima ndipo anafungua kinywa ale. Binti yao Yuster aliwahi kuniambia hao sato ndio waliomshikilia mama yake duniani. Nilimwamini.

Sasa, kambale maji yakichoka hupanda juu akavuta hewa. Sato hana ujanja huo. Anategemea maji yanayotembea, na pale kwa Eufrazia maji yalitembezwa na pampu ndogo inayoenea kiganjani, ikinyonya chini na kumwaga juu mchana kutwa na usiku kucha. Ya kwanza ilidumu miaka mitano ndipo ikaungua. Anastazi akampa dereva mmoja wa malori, Mihayo, boksi tupu la ile ya zamani amletee ya namna hiyo hiyo kutoka Dar es Salaam.

Boksi lililokuja lilikuwa lile lile, hata picha ya samaki ni ile ile. Bei ndiyo iliyokuwa nyingine: kutoka elfu themanini na tano mpaka laki moja na arobaini. Fundi haoni kitu kipya akakiacha bila kukifungua, kwa hiyo Anastazi akaifungua. Ile ya zamani panga lake la kusukuma maji lilizunguka kwenye kijiti cheupe cha kauri, kigumu, kisichojua kutu. Hii mpya ilikuwa na kijiti cha chuma, chembamba, kimeshikwa na vipira laini huku na huku. Akampigia muuzaji. Muuzaji akasema kiwanda kimebadilisha, zote siku hizi ndivyo zilivyo, asiyetaka aache. Hasira ilinishika mimi kuliko Anastazi. Bei wanaipandisha, utumbo wanaushusha, halafu boksi wanaliacha vile vile ili mtu wa Lusahunga asijue.

Wiki ya tatu pampu ikaanza kulia. Mazoea yana taabu. Mtu aliyeishi na malori anajua jambo moja hata akiwa usingizini: chuma kikilia kinaomba grisi. Ile ya kauri haikulia hata siku moja, kwa hiyo hakuwahi kufundishwa kwamba pale si mahali pa grisi. Alhamisi jioni akatoa kopo lake, akapaka kidogo kwenye kijiti na vipira, akairudisha majini. Ikanyamaza.

Alikuja kuniita nikasikilize. Nikaenda, nikasikiliza, nikamsifu. Mikono ya fundi haizeeki, ndivyo nilivyomwambia, na sitaisahau aibu ya maneno hayo. Tukiwa pale Eufrazia aliita kutoka chumbani. Anastazi akajibu anakuja, akaendelea kunieleza. Akaita tena. Mumewe alipoingia alimkuta ananyoosha mkono wake mzima, wa kushoto, kuelekea dirisha linalotazama tangi, akadhani anasikia baridi. Akalifunga dirisha.

Alfajiri nilisikia maji yakipigwa kwa beseni. Nilimkuta Anastazi ndani ya tangi, maji kiunoni, anayachota na kuyamwaga, anayachota na kuyamwaga. Vipira vilikuwa vimelowa grisi vikavimba na kukibana kijiti, na pampu ilikuwa imesimama. Juu ya maji ulitanda utando wa mafuta. Sato walikuwa wamelala ubavu, wengine vinywa bado vinafunguka. Nilishika beseni la pili. Kufika saa mbili hakuna kilichofunguka tena. Watu wawili walipita wakaomba samaki wa mboga, Anastazi akawakatalia, akachimba shimo kwenye migomba.

Aliniomba niingie naye ndani. Eufrazia akauliza swali lake.

"Hawapo, Mama Yuster," Anastazi alisema. "Wote. Pampu imesimama. Wametuuzia takataka kwa bei ya dhahabu."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa nusu ya kweli. Mkewe alimtazama usoni, kisha mikononi.

"Grisi," alisema. Akapumzika. "Nilinusa. Nikakuita."

Anastazi alisema ndiyo, alimwita. Eufrazia akageuza uso ukutani. Leo ni siku ya kumi na tisa, analishwa na Yuster vijiko viwili vitatu kwa kubembelezwa, na hajamuuliza mumewe jambo lolote.